Mtoto Hutumwa: Sura Moja ya Malezi katika Nyumba za Pwani

Ni vitenzi vichache katika lugha yetu vilivyopata uzao mkubwa kama kitenzi tuma. Kwacho twapata mtume, yaani mjumbe wa Mwenyezi Mungu kwa viumbe vyake. Twapata mtumishi, afanyaye kazi ya mwingine kwa ujira au kwa mapenzi. Twapata tume, kundi la watu waliopewa kazi ya kuchunguza jambo na kurudi na jibu. Twapata tumia na matumizi, maneno ya mfuko na ya jiko. Na mwisho twapata mtumwa, binadamu aliyemilikiwa na binadamu mwenziwe kama shamba au mbuzi. Maneno haya hukaa katika kamusi kama ndugu wa tumbo moja, ijapokuwa mmoja hutajwa juu ya mimbari na mwingine alinadiwa sokoni. Lakini katika ukoo huu wote hapana jina la yule atumwaye kuliko wote, tangu alfajiri mpaka usiku, nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa. Huyo ni mtoto.

Makala haya yataka kumfuata mtoto huyo katika nyumba za pwani yetu, hasa katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kuonyesha jinsi alivyotoka katika mikono ya mama yake mpaka akaweza kusimama peke yake. Dai langu ni kwamba njia kuu ya safari hiyo ilikuwa kutumwa. Hakuwapo mzazi aliyeketi akasema, leo namfundisha mwanangu kujitegemea. Alisema tu, nenda kaniletee. Lakini katika nyumba zile zile, na mara nyingi kwa maneno yale yale, alitumwa mtoto mwingine ambaye kutumwa hakukumkuza, bali kulimfunga. Basi swali la historia yetu ni hili: kama kazi ilikuwa moja, ni kitu gani kilichowatenga watoto hawa wawili?

Wanahistoria wetu wamekwisha kuandika mengi juu ya masultani, misafara ya pembe na majahazi ya msimu. Mtoto hawakumwona sana, kwa kuwa mtoto haachi hati wala kaburi kubwa. Hata hivyo hatuko gizani kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika habari za desturi za Waswahili, na kitabu hicho kilitolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro hakuanza na vita wala wafalme. Alianza na mimba, uzazi na malezi, kwa kuwa alijua kwamba mji huanzia hapo. Tunazo pia kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Na zaidi ya vitabu tunayo lugha yenyewe pamoja na methali zake, ambazo ni ghala la mambo ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyaandika.

Mwanzo wa safari ni mgongoni. Mtoto mchanga alifungwa kwa mbeleko, akaona dunia kutoka nyuma ya bega la mama yake, akisikia maneno ya watu wazima kabla hajaweza kuyatamka. Kisha alitambaa, kisha akasimama dede, kisha akaenda tete. Msomaji atazame jinsi lugha ilivyojali hatua hizi: kule kusimama kwa kuyumba kumepewa neno lake, na kule kutembea kwa kupepesuka kumepewa lake, kana kwamba kila moja ni cheo. Ziwa aliachishwa, kwa watu waliofuata mafundisho ya Qurani, ikiisha miaka miwili au karibu na hapo. Aghalabu siku hizo za kilio alichukuliwa na bibi yake, akalala huko mpaka asahau. Huo ndio ulikuwa utengano wa kwanza, na yafaa kutambua kwamba hakutengwa akaachwa. Alihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mkono mwingine.

Mara tu miguu ilipokuwa imara, alianza kutumwa. Kutumwa kwa kwanza kulikuwa ndani ya nyumba: niletee upawa, mpelekee baba yako kopo la maji, kamwambie bibi chakula tayari. Aliyewahi kulea anajua kwamba kazi hiyo ilikuwa hasara kwa mama. Upawa uko hatua tatu kutoka alipoketi, angeuchukua mwenyewe kabla mtoto hajageuka. Badala yake humtuma, mtoto huenda, husimama njiani kumtazama kuku, husahau, hurudi kuuliza, huleta mwiko badala ya upawa, hutumwa tena. Mama hakutaka upawa, alitaka mletaji. Hapa pana hekima ambayo haikuandikwa katika kitabu cha malezi, na ambayo mama wa pwani angeshangaa kuambiwa kuwa ni hekima. Alipokea upawa kwa kusema ahsante, mwanangu, au, umekuwa mkubwa sasa, naye mtoto akaenda zake akijiona ameongezeka kimo.

Hatua ya pili ilikuwa kuvuka kizingiti. Zamani kabla kiberiti hakijawa kitu cha kila nyumba, mtoto alitumwa moto kwa jirani, akarudi na kaa jekundu juu ya kigae au ndani ya kifuu, akilipulizia njiani lisizimike na kulitazama lisimwangukie. Alitumwa chumvi, alitumwa ungo, alitumwa kuuliza hali ya mgonjwa. Katika mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuchwa, njia za mitaa zilijaa watoto wenye sahani zilizofunikwa kwa kawa, kila mmoja akipeleka futari kwa jirani na kurudi na ya jirani. Mtoto huyo alibeba chakula ilhali ana hamu, naye hakukionja. Na kama alionja, basi alijifunza pia kwamba kawa likiinuliwa huacha alama.

Lakini mzigo mzito zaidi ulikuwa maneno. Ujumbe ulipaswa kufika kama ulivyotoka. Mtoto aliurudia kwa mdomo njia nzima, na alipofika alipaswa kujua kupiga hodi, kungoja kukaribishwa, kuvua viatu kama anavyo, kuamkia wakubwa kwa shikamoo, kisha ndipo aseme: mama anakusalimu, na anaomba kadha wa kadha. Akipewa jibu, alilibeba vile vile. Hivyo kabla hajajua kusoma, alikuwa amekwisha kuwa barua. Alijua habari gani husemwa mbele ya wageni na ipi husemwa sikioni. Adabu, ambayo leo twaifundisha kwa hotuba, aliipata mlangoni mwa watu kwa sababu ya chumvi.

Na mlangoni hapo aliulizwa swali ambalo msomaji wa umri wangu atalikumbuka: wewe mtoto wa nani? Swali hili lilikuwa na haki na ulinzi ndani yake. Akijibu, mzee alitikisa kichwa akamtaja babu yake, akasema amefanana naye masikio, akampa kipande cha mhogo. Mtoto aligundua kwamba jina lake limemtangulia. Hakuwa peke yake njiani, hata pale alipokuwa peke yake.

Hatua ya tatu ilikuwa dukani, ambako ndani ya adabu iliingia hesabu. Katika siku za rupia, ambayo ilikuwa na pesa 64, mtoto alifungiwa pesa zake katika pindo la nguo asizitupe. Alipaswa kukumbuka vitu, bei na baki. Mwenye duka mwerevu alimpa nyongeza kidogo, tende moja au kipande cha sukari guru, ili kesho atumwapo achague duka lile lile. Na hivyo mtoto wa miaka saba alijifunza kwamba ana kitu ambacho wakubwa wanakitaka, yaani hiari ya kuelekeza miguu yake. Akichelewa kwa sababu ya kibe au gololi, aliulizwa. Akipoteza pesa, alilia kabla hajafika nyumbani. Lakini hesabu ilikuwa yake, na kosa lilikuwa lake, na hilo ndilo jambo kubwa. Mtu hawezi kujitegemea kama hajawahi kuachiwa kitu ambacho angeweza kukipoteza.

Hapana budi kusema ni nini kilichowapa wazazi wale moyo wa kumwachia mtoto njia. Haikuwa kwamba hawakuogopa. Visima vilikuwapo, bahari ilikuwapo, na katika karne ya 19 wezi wa watoto walikuwapo kweli. Kilichowapa moyo ni kwamba njia yenyewe ilikuwa na macho. Katika baraza za nyumba walikaa wazee, madirishani walikuwapo wanawake, na kila mkubwa alikuwa na haki ya kumwuliza mtoto aendako, kumwonya, na hata kumchapa, kisha akapeleka habari kwao. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Methali hii hutajwa sana leo katika mikutano kama pambo, lakini maana yake ya asili ni ya kikazi kabisa: mama aliweza kumtuma mwanawe mtaa wa tatu kwa kuwa mtaa wa kwanza na wa pili ulikuwa ukimlea wakati akipita. Uhuru wa mtoto ulikuwa mali ya mtaa mzima.

Katika umri wa miaka sita, saba au zaidi, mtoto alitiwa chuoni. Alibeba ubao wake, akaandika kwa wino, akasoma, akaosha, akaandika tena. Mwalimu naye alimtuma: maji, kuni, na siku nyingine shambani. Hatua hii ilikuwa na jipya moja, nalo ni kwamba mtoto alianza kutii mtu asiye wa damu yake, kwa ajili ya kitu asichoweza kukila wala kukishika. Kisha kwa wavulana ilikuja jando, baada ya hapo haikufaa tena mvulana alale chumbani mwa mama yake. Njia yake ikapanuka: baharini na wavuvi, shambani na baba, safari ya jahazi na mjomba.

Kwa binti mambo yalikwenda kinyume, na historia ya haki haiwezi kulificha. Alipokuwa mdogo alitumwa sawa na kaka yake, akajua milango ile ile. Lakini alipovunja ungo, akawa mwari, akakabidhiwa kwa kungwi; na katika nyumba za waungwana alitawishwa. Ule mwaka ambao kaka yake aliongezewa njia, yeye aliondolewa. Kukua kwake kulihamia ndani, katika maneno, katika utunzaji wa nyumba, na kwa wachache katika kalamu. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia utendi binti yake Mwana Hashima mwaka 1858, alikuwa mgonjwa wa mwaka mzima, naye anamwita binti aje karibu na wino na karatasi. Mengi ya utendi huo ni mafundisho ya kumtii mume, na msomaji wa leo huenda akakunja uso. Lakini atazame wino ule: mama anayejua kwamba karibu atakufa anamwachia binti kitu cha kwenda nacho mahali ambapo yeye hatakuwapo. Salme naye asema kwamba wasichana walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Basi yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, kalamu hiyo ilimfanya mwandishi wa barua za njama ya ndugu yake Barghash. Mtoto asiyetumwa nje alikuwa amejituma mwenyewe.

Na sasa yatupasa kuuliza: kama binti wa kiungwana alikaa ndani, ni nani aliyekwenda sokoni kwa ajili yake? Ni nani aliyepeleka salamu zake, akachota maji yake, akamletea nguo azichague? Alikuwa mtoto mwenziwe, aliyeitwa kijakazi. Stara ya mmoja ilibebwa na miguu ya mwingine. Hapa ndipo mtoto wetu wa pili anapoingia katika habari hii, naye kwa kweli alikuwamo tangu mwanzo; ni sisi tuliompita mlangoni bila kumwuliza.

Watoto walikuwa wengi miongoni mwa watu walioletwa pwani utumwani. Salme aandika kwamba mama yake mwenyewe, Jilfidan, aliyetoka nchi ya Sirkasia katika milima ya Kaukasi, alitekwa utotoni na kutengwa na ndugu zake. Alifika nyumbani kwa Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, kwa kuwa jino lake la kwanza liling'oka huko. Katika masimulizi yote ya utumwa wa pwani, sijui jambo dogo lenye uzito kuliko jino hilo. Mwaka 1864 askofu na wenzake wa misheni ya Kiingereza walipofika Unguja, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na kutokana na hao ikaanza shule ambayo baadaye ilikuwa Kiungani. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha masimulizi ya wavulana wa shule hiyo, nao humo wanaeleza kwa maneno ya watoto jinsi walivyoondolewa kwao.

Mtoto huyu alifanya kazi zile zile. Alileta upawa, alileta moto, alibeba sahani, alirudia ujumbe kwa mdomo njia nzima. Alisema shikamoo, neno ambalo asili yake ni nashika miguu yako, nayo ilikuwa salamu ya mtoto kwa mzazi na ya mtumwa kwa bwana. Huenda alitumwa mbali zaidi kuliko mtoto wa mwenye nyumba, na kwa umri mdogo zaidi, na akaifahamu mitaa vizuri zaidi. Kama kujitegemea ni kujua kazi na njia tu, basi kitwana na kijakazi wangekuwa watoto waliojitegemea kuliko wote wa pwani hii.

Hawakuwa hivyo, na sababu zake ni tatu. Kwanza, mlangoni hawakuulizwa wewe mtoto wa nani. Waliulizwa umetumwa na nani. Maswali haya mawili yanakaribiana kwa sauti, lakini la kwanza linamtafuta mtoto na la pili linampita kumtafuta mwingine nyuma yake. Pili, mtoto wa nyumba alitumwa na kurudi kwao, na kurudi ndiko kulikokuwa na sifa, chakula na karipio la mapenzi. Mtoto mtumwa alirudi mahali alipotumwa, lakini kwao hakurudi kamwe. Tatu, na hili ndilo kubwa, kutumwa kwa mtoto wa nyumba kulikuwa na mwisho uliojulikana. Kila aliyemtuma alijua kwamba siku moja mtoto huyo atakaa barazani yeye, ataamkiwa, ataitikia marahaba, atamtuma mwingine. Kutumwa kwake kulikuwa ngazi. Kwa mtumwa ngazi haikuwa na juu. Angeweza kuzeeka akitumwa na kijana aliyewahi kumbeba mgongoni. Ni kweli kwamba palikuwa na daraja kati ya watumwa, na kwamba mzalia wa pwani hakuhesabiwa sawa na mtu aliyeletwa jana kutoka bara; na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria kwa bwana wake alizaliwa huru. Lakini mambo hayo yenyewe yathibitisha neno langu: watu walijua tofauti ilipo, wakaipima kwa makini.

Mwisho wa utumwa ulikuja kwa vipande. Unguja na Pemba hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, amri ya mwaka 1904 ilisema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Na Tanganyika chini ya Waingereza ilimaliza jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1922. Hebu msomaji afikiri juu ya amri ile ya Wajerumani ndani ya nyumba moja. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amezaliwa Novemba 1905 na mwingine miaka miwili baadaye, wanakula sahani moja, wanatumwa maji kwa mtungi mmoja. Mkubwa ni mtumwa, mdogo ni huru. Maji yalikuwa na uzito ule ule.

Neno lililotumika kwa aliyeachwa na bwana wake lilikuwa huru; watu hao waliitwa mahuru, na karatasi yao ilikuwa ya uhuru. Neno hilo hilo ndilo lililopigiwa ngoma Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Kisha mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zisiwatenge watoto na kazi za wazazi wao. Twaweza kubishana juu ya jinsi lilivyotekelezwa, lakini halikuwa geni kwa mama wa pwani; lilikuwa mzizi wa jambo alilolitenda kila asubuhi jikoni.

Shule ya serikali, iliyoanzia Tanga katika miaka ya 1890 na kuenea taratibu, ilileta kipimo kingine cha ukubwa. Wengi wa wazazi wetu, wakiwa hawana cheti cha kuzaliwa, waliambiwa wapitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Aliyelifikia aliandikwa, asiyelifikia akarudishwa nyumbani. Nyumba ilimpima mtoto kwa alichoweza kukibeba bila kumwaga. Shule ilimpima kwa urefu wa mkono, kisha kwa mwaka, kisha kwa mtihani. Sisemi kwamba kipimo cha shule ni kibaya, maana mimi mwenyewe nimekula matunda yake. Nasema tu kwamba kimekifukuza kile cha kwanza. Leo katika miji yetu mtoto wa mtu mwenye uwezo huchukuliwa na basi la shule alfajiri, hurudishwa jioni, na mlango hufungwa. Anajua majina ya sayari, lakini hajawahi kuulizwa na jirani yeye ni mtoto wa nani. Magari na pikipiki zimeichukua njia, na barazani hapana mtu. Simlaumu mzazi anayeogopa, kwa kuwa nami naogopa. Macho yaliyokuwa yakimlea mtoto njiani yameondoka, na mtoto hawezi kutumwa katika njia isiyo na macho.

Lakini vitu bado vyaletwa kutoka dukani. Hapa sina budi kusema jambo la nyumbani kwetu. Nilipokuwa mvulana wa darasa la tatu alikuwapo kwetu msichana aliyeletwa kutoka kijijini, mwenye umri kama wangu, labda kunizidi mwaka mmoja. Wazazi wangu walikuwa watu wa huruma. Alikula tulichokula na hakupigwa. Mimi nilipokwenda shule yeye alikwenda sokoni. Mtaa mzima ulimfahamu, naye aliujua kuliko mimi. Siku moja tulitumwa pamoja kwa bibi mmoja aliyekuwa amehamia karibu. Bibi yule alinitazama mimi akaniuliza, wewe mtoto wa nani? Nikajibu, nikasifiwa. Kisha akamgeukia mwenzangu akasema, na wewe umetumwa na nani? Msichana akanionyesha mimi kwa kidole. Niliona fahari wakati ule. Nimefundisha historia ya pwani kwa miaka mingi, na nimefafanua sheria ya mwaka 1897 mbele ya wanafunzi wengi, kabla sijatambua kwamba kidole kile kilikuwa hati ya historia niliyokuwa nikiitafuta.

Yeye alirudi kwao baada ya miaka kadhaa, akijua kazi zote na bila ya kujua kusoma. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kumwajiri mtoto, nayo ni sheria njema. Lakini mwenye nyumba aweza kuitimiza kwa kumtafuta msichana wa miaka 15, kisha akarudia yale yale. Kwa hiyo kipimo cha wazee bado kinatufaa, nacho si kigumu kukitumia. Si dhambi kumtuma mtoto. Dhambi ni kumtuma mtoto ambaye hukusudii akue. Kila amtumaye mtoto, awe wake au wa mwenziwe, ajiulize kama anajua jina la baba yake, kama yuko mahali atakaporudi, na kama iko siku atakapokaa naye kiti kimoja. Akikosa jibu, basi ajue ni neno gani katika ukoo ule wa maneno linalomfaa aliye mbele yake. Na yule asiyemtuma mwanawe kabisa, akidhani kwamba anamhurumia, naye akumbuke kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao ulimwengu hautumi upawa.

Ilikuwa desturi ya pwani kwamba binti anapoolewa, mume hutoa pamoja na mahari vitu viwili vya mama mkwe: mkaja, ambao ni kumbukumbu ya nguo aliyojifunga tumboni baada ya kuzaa, na mbeleko, kumbukumbu ya nguo aliyombebea mtoto. Siku ambayo mwana anaondoka kwao akiwa mtu mzima, ndiyo siku ya kutaja kwamba aliwahi kubebwa. Nimekwisha kuona harusi nyingi ambazo wageni hucheka mkaja na mbeleko vinapotajwa, na vijana hudhani ni hila ya wazee ya kupata fedha. Lakini mama huwa hacheki. Yeye anajua umbali ulioko kati ya mgongo wake na mlango ule, na kwamba mtoto aliuvuka kwa miguu yake mwenyewe, kidogo kidogo, kila mara akitumwa na kila mara akirudi.